Mwacheni Mama Koki Aende Zake

Kila nikiandika kuhusu mji huu kuna mtu ananijia, mbona huuelezi vizuri, mbona husemi milima, hewa safi, mandhari. Haya, nasema. Jua linafika saa nne asubuhi kwa sababu mlima wa mashariki umelizuia, na saa tisa na nusu mlima wa magharibi unalichukua. Katikati ya hapo tunaanika nguo. Mto unapita katikati ya bonde, una daraja moja la magari na moja la miguu. Upande mmoja ni soko na ofisi. Upande wa pili, ng'ambo, nyumba zimepandana kama viatu mlangoni siku ya wageni. Magari yanaishia bondeni, kwingine kote ni ngazi. Ukiona mtu wa hapa ana mashavu ya miguu kama mchezaji mpira, usidhani anacheza mpira. Alitumwa chumvi.

Basi, mandhari yamekwisha. Mji wenyewe ni mama mmoja mwenye goti bovu, na huyo ndiye nitakayemweleza.

Tunamwita Mama Koki. Maji hayatoshi mji mzima kwa mara moja, kwa hiyo yanagawiwa kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule. Anayeyagawa ni yeye, kwa mkono. Chini ya ardhi kuna mashimo hamsini na mawili yenye mifuniko ya chuma: ishirini na tisa upande wa soko, ishirini na matatu ng'ambo. Kila shimo lina koki mbili kubwa. Moja inaingiza maji mtaani, nyingine inayapitisha yaende mbele. Anabeba ufunguo wa chuma unaomfika kiunoni, umekaa kama herufi T. Anautumbukiza shimoni, anazungusha mara kumi na nne. Ukizidisha ya kumi na tano unaua uzi wa koki, halafu mtaa mzima unaoga hadithi. Akimaliza anaweka sikio kwenye chuma. Anasema maji yanayopita yanasonya kama mwanamke aliyechoshwa na mumewe. Yasiyopita yamenuna tu.

Ana miaka sitini na moja. Alianza idara ya maji akiwa mfagiaji wa miaka ishirini na saba. Mzee aliyekuwa anafungua maji wakati huo alikuwa na kifua kibovu, akimwona ofisini anamwita, "Mwanangu, weka ufagio, nishikie hiki." Akashika. Mzee akafa, ufunguo ukabaki mkononi mwake. Barua ya kupandishwa cheo hakuna aliyekumbuka kuiandika. Kwenye karatasi za ofisi, miaka thelathini na nne, mji mzima ulikuwa unapewa maji na mfagiaji.

Sasa goti la kushoto limekwisha. Daktari alimwonyesha picha, mfupa unasaga mfupa kama mawe ya kinu. Anaamka saa kumi na moja, anakaa ukingoni mwa kitanda dakika kumi akilibembeleza liamke naye. Nyumbani kwake ni chumba kimoja na jiko la pembeni, ngazi sitini na nne kutoka barabarani. Anajua idadi yake kwa sababu siku hizi anapumzika mara tano: mbili akishuka, tatu akipanda.

Binti yake anashona sare za shule mji wa tambarare, safari ya siku nzima kwa basi. Huko chumba cha mama kimekuwa tayari tangu mwaka jana, siku ya kustaafu ilipofika.

"Mama, kitanda kimekaa tu," binti alimwambia kwenye simu. "Anakilalia paka."

"Mwache akipashe joto."

"Amekipasha mwaka mzima! Ameshazaa watatu!"

Hakwenda kwa sababu meneja wa maji alimwomba mwaka mmoja tu. Michoro ya mabomba ililiwa na mchwa, na ramani pekee iliyobaki imo kichwani mwa Mama Koki. Tukiitoa humo tukaiweka kwenye karatasi, alisema meneja, utakwenda. Mwaka ukapita, hakuna aliyekuja hata na penseli. Mwaka huu, baada ya mama kulia ofisini (na yule mama halii ovyo), ndipo wakaleta injinia.

Injinia ni dada wa miaka thelathini na kitu, mtu wa kutoka tambarare, buti mpya, mwavuli mwekundu. Watu walimcheka wiki ya kwanza, wakaacha ya pili, maana alikuwa anafanya kazi. Miezi mitatu alimfuata Mama Koki shimo kwa shimo, akiandika. "Hapa unafungua ya juu, unafunga ya chini." Anaandika, macho kwenye daftari. "Hapa unafunga ya juu kwanza, usisahau, ya chini robo." Anaandika. Goti lilikuwa linatoa sauti inayosikika, lakini mama alipanda, kwa sababu kila shimo lilimsogeza karibu na kile kitanda cha paka.

Ramani ikaisha. Meneja, mzaliwa wa hapa hapa, akaisoma mstari kwa mstari akaisaini. Halafu akatoa sharti. Wiki moja ya majaribio. Injinia afungue maji peke yake, Mama Koki akae nyumbani, asiguse ufunguo, asitoe ushauri. Maji yakifika kote, Jumamosi anasaini barua, mama aende zake. Yasipofika, tutaongea.

Sisi wote tunajua "tutaongea" maana yake nini.

Jumatatu maji yakatoka upande wa soko. Jumanne yakatoka. Mama Koki akaanza kukunja nguo, akagawa sufuria mbili kubwa kwa jirani, akampigia binti amwambie paka ahame.

Jumatano ilikuwa zamu ya ng'ambo. Saa mbili asubuhi injinia akafika kwenye shimo la kwanza kule, akafungua, akafunga, akapanda kwenda la pili. Saa mbili na nusu ng'ambo ilikuwa kavu kabisa na sokoni ardhi ilikuwa inachemka. Kuna bomba la zamani linarudi kwa chini ya mto mpaka chini ya soko, bomba lililokufa siku nyingi, na maji yote ya ng'ambo, yalipokosa njia, yalikuwa yameingia humo. Likapasuka sawasawa chini ya maduka ya unga. Magunia yalijikanda yenyewe. Na tafadhali msiniletee habari ya maji kuzidi unga, wala ya maji kumwagika yasizoleke, maana siku hiyo kila mtu sokoni alijiona mtunzi wa methali huku amesimama tu na ndoo.

Basi watu wakafanya kile wanachofanya miaka yote, wakampigia yeye. Hakupokea, wakapanda zile ngazi. Saa tatu mlango wake ulikuwa na wanawake saba wa ng'ambo.

"Mama Koki, umetunyima maji!"

"Mimi nimekaa hapa na goti langu. Nimemnyima nani?"

"Kumbe umechoka nasi, si ungesema!"

"Nimesema mwaka mzima," akajibu. "Mlikuwa mnaoga."

Wakaondoka wamenuna. Mmoja alirudi kuomba lita tano, akapewa.

Saa nne injinia akafika, tope mpaka magotini, na nyuma yake meneja, akitweta, anapanda ngazi zile kwa mara ya kwanza tangu awe meneja.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Kaeni. Siyo hapo baba, hicho kigoda ni cha goti."

Meneja akakaa kitandani, juu ya nguo zilizokunjwa. Injinia hakukaa. Akafungua ramani.

"Mama, nilifanya vilevile ulivyosema. Shimo la kwanza, nikafungua ya juu, nikafunga ya chini."

"Ulifungua ipi?"

"Ya juu."

"Ya juu ipi?"

"Mama, ya juu ni ya juu! Hii hapa."

Mama Koki akavaa miwani, akaangalia kidole kilipo. Akaangalia tena.

"Hiyo si ya juu, mwanangu. Hiyo ni ya mlimani."

"Si ndiyo juu?"

"Juu ni kule." Akanyoosha mkono dirishani, umelala sambamba na sakafu, kuelekea unakotoka mto.

Injinia akanyoosha wake. "Mama, juu ni huku."

"Huko ni dari."

Niwaambie msio wa hapa. Kwetu juu ni mto unakotoka, chini ni unakokwenda. Mkikaa kwenye benchi lililonyooka mtu anakwambia sogea juu kidogo nami nikae, na kila mtu anajua ni upande gani. Chumvi iko upande wa juu wa meza. Kiatu kimoja kiko juu ya kitanda na hakuna anayeshtuka. Kilicho mlimani kiko mlimani, na kwenda huko ni kupanda, basi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa ndipo nikajua watu wengine hawasemi hivyo, na nilijua kwa kuchekwa.

Sasa, upande wa soko mashimo yamechimbwa hivi kwamba koki ya mlimani ndiyo iliyo upande wa mto unakotoka. "Juu" ya injinia na "juu" ya Mama Koki ilikuwa koki ileile. Miezi mitatu wanaelewana vizuri huku wanasema vitu viwili. Ng'ambo mashimo yamegeuka. Koki ya mlimani ndiyo ya chini, yaani upande mto unakokwenda. Kwa hiyo mashimo yote ishirini na matatu yaliandikwa kinyume, kwa mwandiko mzuri sana.

"Lakini mimi niliisoma yote," meneja akasema. "Mstari kwa mstari."

"Na ukaisaini, bosi," injinia akasema.

"Iliandikwa juu, nikaona juu."

"Juu ipi?"

"Juu ya... juu!" Na kidole chake, bila kuomba ruhusa, kikaenda dirishani, kwenye mto.

Mama Koki akacheka. Goti likamkumbusha, akaacha.

"Kwa nini hukumwambia, mama?" meneja akauliza.

"Nimwambie nini? Wewe ukimpa mtu mwiko, unamwonyesha mdomo wake ulipo?"

Kutoka mtaani mtu alikuwa anapiga kelele kuhusu unga. Meneja akashika kichwa, na nadhani mama alikwishajua kinachokuja, kwa sababu aliondoa miwani akaikunja.

"Basi jaribio limeshindikana. Mama yangu, nakuomba, mwaka mmoja tu..."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Safari hii ni kweli."

"Sikiliza, mwanangu. Wewe ulikuwa unaogeshwa kwenye beseni na maji niliyofungua mimi, unalia mtaa mzima unasikia. Sikukuwekea kinyongo. Lakini mwaka sina. Ungekuwa unauzwa dukani ningekununulia. Ng'ambo nilipanda mara ya mwisho na huyu mtoto, na nilishuka kwa makalio, ngazi kwa ngazi, mwulize. Ukiniongezea mwaka utaniongezea nikiwa nimekaa hapa hapa. Maji hayafunguki kwa kukaa."

Meneja akamtazama injinia. Injinia akatazama buti zake, ambazo sasa hazikuwa mpya.

"Ilikuwa hivyo," akasema. "Kwa makalio. Halafu bosi, nipe kesho. Nitafuta kila juu na kila chini kwenye ramani hii."

"Uandike nini badala yake?"

"Nisiandike. Nipake rangi kwenye koki zenyewe. Nyekundu inaingiza mtaani, nyeupe inapitisha mbele. Rangi haina juu."

Meneja alitafuta pingamizi, nilivyosimuliwa, akaangalia saini yake pale chini ya ramani, akalikosa. "Ijumaa ni zamu ya ng'ambo tena. Maji yakifika kila nyumba, Jumamosi nasaini. Yasipofika..."

"Yasipofika utakuja kunibeba mgongoni," Mama Koki akasema. "Nenda kazini, baba, umekalia nguo zangu."

Alhamisi nilikuwepo, na robo ya mji ilikuwepo. Mama hawezi kupanda ng'ambo, lakini kutoka daraja la miguu unauona mlima wote wa kule kama umetundikwa ukutani. Kinyozi wa pale darajani akamtolea kiti cha wateja, kile kinachozunguka. Mama akakaa na simu yake ndogo, sauti kubwa. Injinia kule ng'ambo na makopo mawili ya rangi. Akifika shimoni anainua mwavuli mwekundu.

"Nakuona. Hilo la tatu. Nyekundu ni ya upande wa nyumba ya bati la buluu."

"Upande wa bati la buluu. Sawa, mama."

"Siyo bati la jirani yake, lile limepauka."

"Mama Koki, anzeni na kwetu!" mtu akapiga kelele pale darajani.

"Kwenu maji ya nini?" kinyozi akamjibu. "Mimi ndiye ninayekunyoa, nakujua. Huogi."

Mpaka saa tisa walikuwa wamefika la kumi na nane. Mama alikuwa amelegea kitini, mguu umewekwa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anajibu kwa maneno mawili mawili. Shimo la kumi na tisa halionekani, liko nyuma ya ukuta wa shule. Injinia akasema kuna koki mbili, hakuna bati, hakuna mti, ni ukuta na ukuta.

Mama alijaribu kukumbuka anaposimama pale hutazama nini, akagundua hatazami kitu. Mikono ndiyo inayojua.

"Fungua moja kidogo," akasema. "Weka simu kwenye chuma."

Injinia alikuwa ameacha maji machache kwenye bomba kwa ajili ya kupimia. Mama akabana simu sikioni. "Nyamazeni." Kinyozi akazima mashine, mteja amenyolewa nusu. Watu wa darajani wakasimama. Sikumbuki lini tena mji huu umenyamaza mchana.

"Rudia." Akasikiliza. "Nyingine." Akasikiliza. Akafuta jasho, na hapo jua lilikuwa linatuaga, hakuna joto la kumtoa mtu jasho.

"Nyekundu weka kwenye ya pili."

"Una hakika, mama?"

"Sina," akasema. "Weka."

Ijumaa alikaa nyumbani na simu kwenye paja. Binti alikuwa amekatazwa kupiga. Nyinyi mnaofikiri ushindi ni kelele, jueni kwamba kwake ushindi ulikuwa simu isilie. Saa mbili haikulia. Saa tatu haikulia. Saa nne na dakika ishirini ikalia, na kwenye kioo likaja jina la mama mmoja anayekaa nyuma ya ukuta wa shule.

Aliiacha ilie mara nne ndipo akapokea.

"Mama Koki! Maji haya mnaleta ya nini yote haya? Ndoo zimejaa, mapipa yamejaa, mpira umemponyoka mtoto mkononi! Hebu punguza!"

"Asante," Mama Koki akasema.

"Asante ya nini? Nasema punguza!"

Akakata. Akakaa vilevile mpaka jua likaondoka. Jirani alimkuta saa kumi bado ameshika simu, akadhani amepewa habari ya msiba.

Jumamosi meneja akasaini. Barua inasema mfagiaji wa idara amestaafu. Injinia alipoiona akaanza kubisha, kwamba iandikwe upya, kwamba ni aibu, na mama akamshika mkono. "Mwanangu, wakianza kuandika upya ni mwaka mmoja tena. Nipe niende." Akakabidhi ufunguo. Meneja akaomba namba yake ya simu ibaki ukutani ofisini, kwa dharura tu, mara moja moja. Mama akatoa simu kwenye mkoba, akaiweka mezani mbele ya injinia, na laini yake ndani.

"Chukua. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kunipigia kuniuliza nimeamkaje. Wanapigia maji."

Injinia alimbebea begi mpaka kituoni. Meneja alikuwa na kikao.

Leo ni wiki ya tatu. Maji yanatoka kwa zamu zake, na mashimo ya ng'ambo yana rangi nyekundu na nyeupe ambayo watoto wameshaanza kuikwangua, mkishindwa kuwakanya msije kulia. Nimezunguka mitaa minane nikiuliza watu kama wanajua Mama Koki alikokwenda. Watano walisema, kwani ameondoka? Mmoja aliniuliza kama nina namba ya injinia.

Namba ya binti nilipewa na injinia. Nikapiga jana, saa tano asubuhi, nikitaka kuuliza maswali yangu ya makala, anajisikiaje, anaukumbuka mji, mambo hayo. Nyuma yake cherehani ilikuwa inakwenda, ikasimama.

"Amelala," binti akasema. "Anaamka, anakula, anarudi kulala. Tangu aje. Nimwamshe?"

Nikamwambia amwache.